Faida ya nani?

*Neno moja la Kiingereza liliwapigisha makofi kina mama wa Bokoli, kisha likawanyamazisha*

NA MWANDISHI WETU, BOKOLI

Kina mama wapatao ishirini na watano walikuwa wameketi juu ya mabenchi ya kanisa, yaliyotolewa nje na kupangwa chini ya mwembe hatua chache kutoka soko la Bokoli, na karani wa mikopo aliyetoka mjini, kijana mtanashati ambaye viatu vyake vilikuwa vimekwisha kula vumbi la barabara, alikuwa akiwasomea waraka wa kurasa sita ulioandikwa kwa Kiingereza tangu herufi ya kwanza hata ya mwisho.

Kando yake alisimama mwalimu mstaafu, mtu mwenye heshima yake katika kata ile, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kufasiri kila kifungu kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kinapopwaya, kwa Lubukusu. Vifungu viwili vya kwanza vilipita salama. Katika kifungu cha tatu palikuwa na neno *interest*, mwalimu akasita, akafuta miwani yake kwa ncha ya tai, kisha akasema kwa sauti ya darasani: "Mkopo huu una faida ya asilimia 18 kwa mwaka."

Makofi yakapigwa, na vigelegele viwili vitatu vikafuatia. Wala hawakupiga kwa ujinga. Maana mtu akiambiwa kwamba jambo fulani lina faida, na jambo lenyewe ameletewa yeye hadi mlangoni pake, atadhani nini isipokuwa faida hiyo ni yake?

Ni mama mmoja tu mzee, aliyekaa mwisho wa benchi la nyuma akichambua maharagwe katika ungo, ambaye hakupiga makofi. Alingoja kelele zitulie, akauliza bila kuinua macho: "Mwalimu, faida ya nani?"

Mara kumi na moja

Mhariri alikuwa amenituma Bokoli, katika eneo bunge la Webuye Magharibi, kaunti ya Bungoma, niandike juu ya mikopo inayotolewa kwa vikundi vya kina mama, nami nilikwenda na maswali yangu tayari juu ya bei ya mbolea na miwa iliyochelewa kukatwa. Nikarudi na neno moja.

Niliomba kuuona ule waraka, nikaketi nao kivulini, kalamu mkononi, nikahesabu mahali pote neno hilo lilipotokea. Lilitokea mara kumi na moja, nalo katika mara hizo lilikuwa na maana zisizopungua nne, wala hapana hata mahali pamoja ambapo mwandishi wake aliona haja ya kuzitenga.

Katika kifungu cha tatu lilikuwa ni ile fedha ambayo mkopaji huirudisha juu ya asili ya deni, yaani riba. Katika kifungu cha tano lilikuwa ni haki atakayokuwa nayo mkopeshaji juu ya cherehani, au ng'ombe, au mashine ya kukoboa mahindi iliyowekwa kuwa dhamana. Katika kifungu cha tisa, mjumbe wa kamati mwenye *interest* katika ombi lolote alitakiwa alitangaze jambo hilo na kujitoa barazani, na hapo maana yake ni maslahi, au, kwa neno la kale lenye makali zaidi, gharadhi.

Na katika ukurasa wa mwisho kampuni ilitangaza kwamba ina *interest* kubwa katika maendeleo ya mwanamke wa kijijini. Hapo sijui niseme ni hamu, au shauku, au mapenzi tu. Msomaji na achague mwenyewe kwa kadiri ya imani yake.

Kiswahili hakina neno moja la kubeba mizigo yote hiyo, na wako wasomi wanaolihesabu jambo hilo kuwa ni upungufu. Mimi naliona kuwa ni uangalifu, maana watu wa pwani, walipoazima maneno haya kwa Waarabu, waliyaazima kila moja na mlango wake, na mwenye kupita mlango wa riba hawezi kudai kwamba alidhani ameingia kwa mlango wa faida.

Maslahi limetoka katika shina lile lile lililotupa suluhu na kusuluhisha, kwa hiyo ndani yake mna harufu ya kutengenea, ya jambo kuwa jema na kukaa sawa; walimu wanapogoma kwa ajili ya maslahi yao, hawadai ziada, wanadai mambo yatengenezwe. Hamu nalo, huko Uarabuni, ni mashaka na sononeko la moyo. Lilipovuka bahari likageuka kuwa shauku ya kitu kizuri, ingawa yeyote aliyewahi kukaa na hamu ya mtu aliye mbali atakubali kwamba maana ya kwanza haikupotea kabisa.

Nakumbuka ripoti ya shule niliyompelekea babu yangu nilipokuwa darasa la sita, ambamo mwalimu wa hesabu alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba sina *interest* katika somo lake. Babu alikuwa amewahi kuwa nyapara katika shamba la mzungu upande wa Kitale, na Kiingereza alichokuwa nacho kilikuwa ni kile cha hesabu za posho. Akanitazama kwa muda, akaniuliza: "Kwani mwalimu huyu alikukopesha nini?"

Vazi la kufichia

Ajabu ni kwamba neno hili, hata huko kwao, lilianza kama vazi la kufichia. Asili yake ni Kilatini, *interesse*, yaani kuwa baina, kuwa kati ya kitu na kitu, na kwa hiyo kuhusika.

Katika Ulaya ya zama za kati Kanisa lilikataza riba, iliyoitwa *usura*, kama Uislamu ulivyoikataza. Walakini wanasheria wa zama zile walikubali kwamba mtu aliyecheleweshewa fedha zake aweza kudai fidia ya hasara iliyoingia baina ya siku ya ahadi na siku ya malipo, na fidia hiyo ndiyo waliyoiita *interesse*. Wafanyabiashara hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kidogo kidogo kila mkopo ukaonekana kuwa na hasara yake ya kufidiwa, hata *usura* ikabaki jina la dhambi na *interest* ikawa jina la biashara, ilhali fedha ilikuwa ile ile na mfuko ulikuwa ule ule.

> "*Usura* ikabaki jina la dhambi na *interest* ikawa jina la biashara, ilhali fedha ilikuwa ile ile."

Kwa hiyo mwalimu wetu wa Bokoli, aliposema faida mahali pa riba, hakufanya kosa geni. Alifanya kwa dakika moja jambo ambalo Ulaya ililifanya kwa karne kadhaa.

Riba na aibu yake

Pwani, kumwita mtu mla riba si kumweleza kazi yake, ni kumtukana. Qurani imeiharimisha riba kwa maneno mazito, na aibu hiyo imelifuata neno kila lilikokwenda, hata bara, hata katika Biblia ya Kiswahili, ambamo Zaburi ya 15 humsifu mtu asiyekula riba. Lakini ukifungua Injili ya Mathayo, mlango wa 25, penye habari za watumwa walioachiwa talanta, utamkuta bwana akimkemea mtumwa wa tatu kwa kuwa hakuiweka fedha kwao watoao riba ili irudi pamoja na faida yake. Riba kwa wenye kuitoa na faida kwa mwenye fedha, katika hadithi moja. Nina hakika mwalimu mstaafu, ambaye ni mzee wa kanisa, alizijua sura zote mbili.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mwaka 2008 zilipofunguliwa Gulf African Bank na First Community Bank, benki za kwanza nchini Kenya kuendesha kazi zao zote kwa kufuata sharia ya Kiislamu, zilijengwa juu ya faida ya kuuziana na kushirikiana, na si juu ya riba. Kwa wateja wao, mpaka ambao mwalimu aliuvuka bila kukusudia ndio mpaka wa halali na haramu.

Wako pia waliolikimbia neno kwa sababu zisizo za dini. Novemba 2012 ilipoanzishwa huduma ya M-Shwari katika simu za mkononi, mkopo wa siku 30 uliwekewa tozo ya asilimia 7.5, nayo ikaitwa ada ya huduma. Ukiipigia hesabu ya mwaka mzima, mtu akikopa mwezi baada ya mwezi, ni asilimia 90. Bunge lilipopitisha mwaka 2016 sheria ya kuzuia riba za benki zisipite pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, sheria iliyoishi hadi Novemba 2019, ada hiyo iliendelea kukaa pale pale ilipokaa, kwa kuwa jina lake halikuwa riba.

Serikali nayo, ilipozindua Hazina ya Hasla tarehe 30 Novemba 2022, ilitaja asilimia 8 kwa mwaka na kumpa mkopaji siku 14 za kulipa. Mwenye kusikia 7.5 na kusikia 8, asipouliza ni kwa mwezi au kwa mwaka, atachagua ile ndogo.

Nikiwa hapo niseme na jambo moja ambalo kina mama wengi niliozungumza nao hawakuwa wamelisikia: kwa mikopo ya benki, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kufanya kazi mwaka 2007, hakiruhusu riba kuendelea kupanda bila kikomo baada ya mkopo kuharibika; riba ikifikia kiasi cha asili ya deni kilichokuwa kimebaki siku mkopo ulipoharibika, husimama. Sheria hiyo inayo jina la Kilatini ambalo wanasheria hupenda kulitamka. La Kiswahili sijakutana nalo katika waraka wowote.

Kitale, mbele ya hakimu

Ukitoka Bokoli ukashika njia ya kaskazini, mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, ukiwa mkono wako wa kushoto, utafika Kitale, na hapo neno letu huvua koti la fedha na kuvaa la ardhi.

Trans Nzoia ilikuwa nchi ya masetla, na baada ya uhuru mashamba yale makubwa yaligawanywa kwa miradi ya makazi, au yakanunuliwa na vyama vya ushirika na makampuni ya wananchi waliochanga hisa, wengine wakitoka huku huku Bungoma wakiwa wameuza ng'ombe wao wote. Ndiyo maana hata leo mahakama ya mazingira na ardhi iliyoko Kitale haikosi kazi.

Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 260, inapofafanua mali, hutaja haki na *interest* katika ardhi. Nayo Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 28, hutaja zile *interest* ambazo zinaishika ardhi hata kama hazikuandikwa katika hati. Lau ningeombwa kuzitafsiri ningeziita haki zipitazo hati. Miongoni mwake ni amana ya kimila, yaani shamba lililoandikwa jina la mtoto mmoja kwa niaba ya ukoo mzima, na Mahakama ya Juu iliithibitisha mwaka 2018.

Mkalimani mmoja, ambaye kwa ajili ya kazi yake sitamtaja, alinieleza hatari ya neno hili linaposafiri kwa upande wa pili, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Mzee husimama kizimbani akasema kwa uungwana wake, "Sina haja na shamba la ndugu yangu, ninalotaka ni langu." Mkalimani mwenye haraka hutafsiri nusu ya kwanza kwamba mzee hana *interest* katika shamba, na karani akaandika, na mzee wa watu, aliyekuja kudai haki, amekwisha kuikana kwa kinywa chake mwenyewe bila kujua.

"Sisi wengine," akasema yule mkalimani, "tumejifunza kumwomba hakimu ruhusa ya kuuliza tena."

Si kila mahali neno limeleta taabu. Ibara ya 53 ya Katiba huagiza kwamba katika kila shauri la mtoto, *interests* zake zitangulizwe, na Watanzania, ambao Sheria yao ya Mtoto ni ya mwaka 2009, hutumia maslahi, nayo yamekaa vizuri. Kadhalika mgongano wa maslahi, ambao viongozi wa umma huonywa nao, umeingia redioni hata mtoto huutamka.

Wanaobishana

Turudi chini ya mwembe, maana swali la yule mama lilikuwa bado halijajibiwa.

Karani alikuwa wa kwanza kujitetea. Yeye, alisema, kwa kawaida husema "intaresti" tu, kama watu wote wasemavyo sokoni na katika boda boda, na laiti mwalimu naye angeliacha hivyo. "Nikisema riba, huyu anakumbuka mahubiri, yule anabeba kiti chake anaenda. Intaresti haina dini."

Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani neno la mkopo nalo ni neno, na Kiswahili hakikuwahi kufunga mlango. Lakini kutokuwa na dini, na kutokuwa na historia, na kutokumkumbusha mtu jambo lolote, ndivyo hasa mkopeshaji angependa neno lake liwe.

Mwalimu mstaafu alikuwa na hoja ya pili. Kamusi, alisema, hulipa neno hilo tafsiri ya faida na ya riba pia, na yeye alichagua ile ya adabu, maana mgeni hakaribishwi kwa kuitwa mla riba. Sikumlaumu. Mtu aliyefundisha watoto wa kijiji kwa miaka thelathini na ushei hawezi kuacha adabu kwa saa moja.

Mama wa tatu kutoka mbele, mwenye duka la pembejeo, alikuwa na ghadhabu zaidi kuliko wote. Katiba, ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Watanzania wamekwisha kuamua, kwa sheria ya mwaka 2021, kwamba lugha ya sheria na ya mahakama iwe Kiswahili. Basi kwa nini yeye, anayelipa, aletewe waraka ambao lazima asomewe kama barua ya kifo?

Karani akajibu kwamba waraka umepitishwa na wanasheria wa makao makuu, nayo tafsiri ina gharama. "Gharama hiyo mngeitoa katika ile faida," mtu akasema kutoka nyuma, na kicheko kikapita katika mabenchi.

> "Kwa nini yeye, anayelipa, aletewe waraka ambao lazima asomewe kama barua ya kifo?"

Daftari la mweka hazina

Kuna jambo ambalo sikulitazamia. Kikundi chenyewe hukopeshana. Kila mwezi wanachama huweka akiba mezani, na mwenye shida hukopa papo hapo. Akichukua shilingi 5,000 hurudisha 5,500 mwezi ujao, ambayo ni asilimia 10 kwa mwezi, kubwa kuliko ya karani mara sita na zaidi. Na hakuna anayelalamika.

Mweka hazina alinionyesha daftari lake, la kurasa 200, lililofunikwa kwa karatasi ya gazeti na kupigwa mistari kwa wino mwekundu. Safu ya nne ilikuwa na kichwa kilichofutwa mara mbili. Kwanza aliandika "Intaresti". Mwalimu, akiwakagulia hesabu mwaka uliopita, akasahihisha kuwa "Riba". Kisha mwanachama mmoja aliyeolewa katika nyumba ya Kiislamu upande wa Mumias akasema hawezi kutia sahihi mbele ya neno lile, wakalikata tena, na juu yake pakaandikwa kwa herufi ndogo: "Ya kugawana Desemba".

Nikamwuliza ni neno lipi lililo sahihi. Akafikiri. "Ninapotoa ni riba," akasema. "Desemba ikifika ni faida. Lakini ni mimi yule yule." Kule kuwa baina ambako Warumi walikupa jina, na ambako mabenki yamekusahau, mweka hazina wa Bokoli alikuwa akikupigia mstari kwa wino mwekundu kila mwisho wa mwezi; na yule mwanachama wa nyumba ya Kiislamu, ambaye bado ana shaka yake, huweka akiba bila kukopa na bila kuchukua fungu la Desemba, na wenziwe hawamsumbui.

Hapo ndipo nilipolielewa swali la mama wa maharagwe kwa ukamilifu wake. Hakuuliza maana ya neno. Aliuliza linaelekea wapi.

Mwalimu naye alikuwa amelielewa. Aliuchukua waraka kwa karani, akatoa penseli mfukoni, na pembeni mwa kifungu cha tatu akaandika "riba, inakwenda kwao". Pembeni mwa cha tano, "haki yao juu ya cherehani yako". Pembeni mwa cha tisa, "maslahi ya mjumbe". Ule ukurasa wa mwisho aliuacha bila alama. Akasoma upya, polepole, na safari hii hapakuwa na makofi.

Mama mzee akauliza juu ya mtu anayekopa 20,000. Karani akapiga hesabu katika simu: 3,600 kwa mwaka.

"Gorogoro ya maharagwe leo ni 240," akasema mama, na mikono yake haikusimama. "Basi ni gorogoro kumi na tano."

"Ndiyo, kukhu," karani akajibu, akimwita bibi kwa Lubukusu, baada ya kuhakikisha katika simu.

"Za kwangu, ziende kwenu."

"Ndiyo, kukhu."

Kimya kikakaa kidogo. Jua lilikuwa limekwisha kusogea na kivuli cha mwembe kilikuwa kimeyaacha mabenchi mawili ya mbele. Karani akakusanya karatasi zake, akajipangusa jasho, akawatazama wote kwa tabasamu la mtu aliyefika mwisho wa kazi, akauliza: "Haya basi, mama zangu, nani ako intaresti?"

Mikono kumi na mmoja ikainuka, wa kwanza ukiwa wa mwenye duka la pembejeo. Mama mzee hakuinua wake. Alikuwa amesimama dhidi ya upepo akipeperusha makapi, na alipomaliza alimwuliza mweka hazina kama boda boda ya kwenda Misikhu imekwisha kupita.